Birika la Mzee Gharibu

Kasulu nzima walilijua gari la Mzee Gharibu, na wengi walilicheka. Vijana wa stendi walilibandika jina la Birika, kwa sababu halikupanda mlima bila kuchemka, na likichemka lilipiga mluzi hasa, fiii, kama linakukaribisha chai. Mzee hakukasirika hata siku moja. "Chekeni," aliwaambia. "Mimi ninalo birika. Nyie mna nini, vikombe?" Basi watu hoi kwa kicheko, na yeye huyo, anaondoka zake taratibu na abiria wake.

Lilikuwa gari dogo jeupe, la gia za mkono, lililoingia nchini likiwa limekwisha kuchoka kwa wenyewe huko lilikotoka. Feni ya rejeta ilikuwa imeacha kuwaka yenyewe miaka mingi iliyopita. Mafundi walitaka kuiunga moja kwa moja na betri, kama wanavyofanya kwa magari yote ya watu wasio na uwezo wa vipuri. Mzee akakubali, ila kwa sharti lake. Alikwenda dukani akanunua swichi ya taa, ile nyeupe ya ukutani, akaifunga kwa skrubu chini ya usukani, waya wa feni ukapita hapo. Ukiingia ndani ya gari ungedhani mtu ameng'oa ukuta wa chumba akauleta barabarani.

Kuiendesha hiyo swichi ilikuwa kazi ya peke yake. Alteneta ilikuwa imezeeka, haikuweza kulisha feni na betri kwa pamoja. Ukiacha feni iwake muda wote, betri inakwisha. Ukiizima ukajisahau, injini inachemka. Mzee aliendesha mkono mmoja kwenye usukani na mwingine magotini, karibu na swichi. Akianza kupanda, anawasha. Akishuka, anazima. Hakuangalia hata mshale wa joto, alisikiliza tu. Na alikuwa na masharti yake ambayo hayakuvunjwa: ukiegesha, elekeza pua ya gari kwenye mteremko, ukizima injini, zima na swichi, na gari haliachwi njiani, mwenye gari hulala nalo mpaka lipone.

Mwanawe wa pekee, Badru, aliyasikia masharti hayo tangu akiwa mtoto wa kupakatwa mapajani, akayachoka. Alipofungua duka la nguo Kibondo, baba yake alimwazima gari asombee mzigo wake. Alimkabidhi funguo mbele ya mlango, akamwonyesha swichi mara nyingine tena, kama vile Badru hajawahi kuiona. Kisha, ghafla tu, akabadilisha maneno.

"Nakuazima, hujarithi," alisema. "Siku yangu ikifika ndipo utarithi. Na siku hiyo, Badru, wewe ndiye utashuka chini kaburini unipokee. Sitaki kupokewa na mikono nisiyoijua."

"Baba naye! Maneno gani hayo asubuhi yote hii?"

"Ya kawaida. Nenda salama."

Kisha ikaja jioni ya mwisho. Badru alikuwa huko Kibondo kwenye kibanda umiza akiangalia mpira. Gari alikuwa ameliegesha nyuma ya kibanda, kando ya jenereta linalonguruma. Simu ikaita. Alikuwa baba yake.

"Umezima swichi?" Hata salamu hakutoa vizuri.

Na hapo hapo mshambuliaji alikuwa anaingia kwenye boksi, watu wamesimama wote. Badru alijibu huku macho yakiwa kwenye runinga. "Nimezima, baba, nimezima."

"Haya, mwanangu. Ulale salama."

Hakuwa ameizima. Wala hakujua kwamba hakuizima, maana hakwenda kuangalia. Mpira ulipokwisha alirudi kwake kwa miguu na wenzake, wakibishana njia nzima, na ile feni ikaendelea kuzunguka gizani, jenereta likiimeza sauti yake, mpaka betri ikaishiwa nguvu. Mdharau mwiba mguu huota tende, lakini nani angedhani mwiba wenyewe ni kijiswichi cha taa?

Asubuhi, wakati anafungua milango ya duka, baba yake mdogo Shamsi alipiga simu. Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Badru. Kaa chini kwanza."

"Nimekaa." Alikuwa amesimama.

"Kaka ametutoka. Ameswali Alfajiri vizuri, akajinyoosha kwenye mkeka, hakuamka tena. Tunamzika leo baada ya Alasiri. Njoo, mwanangu, njoo mapema. Alisema umpokee wewe, na sisi sote tunajua."

Badru alisema "Inna lillahi" mara nyingi bila kuhesabu, akafunga duka mlango mmoja ukabaki wazi, jirani akaja kuumalizia. Mabasi ya asubuhi yalikwisha kuondoka. Si kitu, gari lipo. Alikimbia mpaka nyuma ya kibanda umiza, akaingia, akazungusha funguo. Tik. Akazungusha tena. Tik, kwa udhaifu zaidi. Ndipo mkono wake ulipokwenda chini ya usukani, akaikuta swichi imelala upande wa kuwasha.

Alikaa pale mkono ukiwa kwenye swichi, machozi yakamtoka. Si machozi ya msiba tu. Ni yale ya mtu aliyesema uongo mdogo kwa mzee wake, na mzee akauamini, akaenda nao.

Majirani walihangaika naye, Mungu awalipe. Nyaya za kuazimishana chaji zilikuwa kwa mtu wa mashine ya kukoboa, na mtu wa mashine alikuwa amekwenda shamba, akafuatwa kwa pikipiki. Jua lilikuwa limepanda sana gari lilipoitikia, kwa chaji ya kuazima kutoka kwenye pikapu. Yule mwenye pikapu aliinama dirishani akamwambia, "Usilizime mpaka Kasulu. Sikia, usilizime hata kwa kukojoa. Betri hii haina kitu." Badru akaitika, akaondoka.

Kwenye njiapanda ya Nduta mwanamke mmoja alisimama katikati ya barabara kabisa akipunga mkono, mfuko wa muhogo miguuni. Mtu wa msiba moyo wake huwa laini, Badru alimchukua. Jina lake Therese, Mkongomani wa kambi ya Nyarugusu, mama wa makamo mwenye sauti nzito ya kwaya. Alikuwa ametoka kumwangalia binti yake aliyeolewa na Mrundi huko Nduta, na karatasi yake ya ruhusa ya kutoka kambini ilikuwa inaisha siku ile ile.

"Miye nashukia Makere, kaka," alisema. Alimtazama vizuri. "We uko na matata gani? Macho yako si ya safari."

Badru akamwambia. Alimwambia yote, hata ile ya swichi, kwani kuna maneno ambayo ni rahisi kumwambia mtu usiyemjua. Therese alivua kilemba, akakikunja mapajani.

Lami ilikuwa nzuri, na Badru aliikanyaga. Feni aliizima, ili alteneta ipate nafasi ya kuirudishia betri uhai. Kwenye tambarare hakukuwa na tatizo, upepo wenyewe ulipoza rejeta. Lakini baada ya Busunzu walikuta barabara inatengenezwa, magari yanapitishwa pembeni kwenye vumbi jekundu, polepole, mlima juu ya mlima, nyuma ya lori la kokoto. Hapo ndipo baba yake angewasha feni bila hata kufikiri. Badru alikuwa anaifikiria betri. Ameumwa na betri asubuhi, basi siku nzima akili yake iko kwenye betri tu, injini kaisahau. Ndivyo tulivyo, tukiumwa na nyoka tunaogopa kamba, na chui anapita.

Mluzi ulianza. Fiii.

"Kaka," alisema Therese, "moto inatoka mbele."

Ulikuwa mvuke. Mshale wa joto ulikuwa umegonga mwisho. Badru alipiga swichi, feni ikawaka, lakini ilikuwa imechelewa. Alijikongoja mpaka chini bondeni, karibu na kijito, kwa sababu huko ndiko kwenye maji, na akasimama. Usilizime, alisema yule mwenye pikapu. Lakini injini inayochemka usipoizima inakufa moja kwa moja, kichwa cha injini kinapinda na hakuna tena safari. Badru alizima. Akazima na swichi pia, kwa uangalifu, kama mtu anayefunika mtoto. Kisha akatazama mbele, akatazama nyuma. Kote ni kupanda. Alikuwa ameegesha bondeni, mahali ambapo baba yake asingeegesha hata kwa kulipwa.

Alitaka kufungua mfuniko wa rejeta pale pale. Sauti ya baba yake ikamjia masikioni: ukiufungua wa moto utakuchoma uso, na ukimwagia injini maji ya baridi utaipasua. Kaa chini. Subiri. Basi akakaa chini, mikono kichwani. Therese alichukua dumu lililokuwa kwenye buti, akashuka kijitoni, akalijaza maji, akaliweka kivulini.

Simu iliita. Shamsi. "Umefika wapi, mwanangu? Tumeshamwosha."

"Nimekaribia, baba mdogo. Nipo Makere hapa." Alikuwa hajafika hata Mvugwe. Therese alimwangalia.

Si muda mrefu likaja lori tupu linaloelekea Kasulu. Dereva alipunguza mwendo, akatoa kichwa. "Limewashinda? Pandeni, nafasi ipo."

Hapa, jamani, ndipo siku ilipogeuka. Therese alikuwa tayari ameshika mfuko wake. "Twende, kaka. Kamio ndiyo hii, Mungu ametuletea."

Badru aligusa bati la mbele kwa kiganja. Lilikuwa bado la moto, lakini si la kuchoma. Aliangalia lile gari. Kiti cha dereva kilikuwa na shimo la umbo la baba yake, na kwenye kioo palining'inia tasbihi ya baba yake. Kuliacha hapa bondeni peke yake? Wakati wa jioni lingekuwa halina matairi. Na gari haliachwi njiani, mwenye gari hulala nalo. Leo hii, siku ya leo, avunje na sharti hilo?

"Limeshapoa," alimwambia dereva wa lori. "Tunaondoka sasa hivi. Tangulia tu."

"Kaka!" Therese alimshika mkono. "Gari iko chuma. Papa yako ndiye anakungojea. Nenda na kamio, miye nitabakia na gari yako. Sitaogopa."

"Nikuache mwanamke peke yako porini? Haiwezekani."

"Miye papa yangu alibakia kule Fizi, siku ile tulikimbia. Hata kaburi yake sijui iko wapi. Nakuambia, nenda."

Dereva alipiga honi. Badru alitikisa kichwa. Lori likapanda mlima, vumbi likawafunika, na lilipotua lori halikuonekana tena. Kupanda na lile lori Therese angeweza, dereva alimwita. Hakupanda. Alisema mtu mmoja hawezi kusukuma gari na kuliendesha.

Walijaza maji kidogo kidogo, likameza karibu dumu zima, wakalijaza tena kijitoni. Badru aliingia, akazungusha funguo. Tik. Tik ile ile ya asubuhi. Walisukuma wao wawili, gari likasogea hatua chache kwenye tambarare ya daraja, likagoma kwenye mwinuko. Wakalirudisha, wakajaribu tena. Therese alianguka magoti yakachubuka, akainuka, akasukuma.

Hatimaye walitokea wanaume waliokuwa wanasukuma baiskeli zenye mikungu ya ndizi, Waha wa vijiji vya pale. Watu wema. Lakini Muha hakusaidii kabla hajakuamkia. Walisimamisha baiskeli zao moja moja, wakaziegemeza, wakapiga makofi ya taratibu, habari za nyumbani, habari za watoto, habari za huko mtokako. Badru aliitikia yote huku roho inamwaka, kwa maana ni adabu aliyolelewa nayo. Waliposikia ni msiba, wakaanza upya, kila mmoja akaja kumshika mikono yote miwili na kumpa pole yake kamili, na mkubwa wao akauliza jina la marehemu.

"Gharibu, wa Kasulu, mwenye gari hili."

"Wa Birika?" Yule mzee alivua kofia. "Alimpeleka mke wangu hospitali na mvua. Hakutuacha njiani."

Wakalisukuma gari kwa nguvu zote, wakalipandisha nusu ya ule mlima wa nyuma kinyumenyume, wakaliachia. Likashuka likiongeza kasi, Badru akatia gia ya pili, akaachia klachi. Likakohoa, likashtuka, likawaka. Therese alilirukia likitembea.

Sasa Badru aliendesha kama baba yake, mkono mmoja magotini. Kupanda, anawasha. Kushuka, anazima. Hakutazama mshale, alisikiliza. Ajabu ni kwamba aliweza, gari likamtii, halikupiga mluzi hata kidogo. Wakati mwingine tunajua jambo siku ambayo aliyetufundisha hayupo tena kuona.

Walipofika Makere adhana ya Alasiri ilikuwa inasikika kutoka msikiti wa kando ya barabara. Badru alitaka kupunguza mwendo amshushe.

"Usisimame," alisema Therese. "Ikizimika hapa nani atasukuma? Nitarudi na gari ingine."

"Na karatasi yako?"

"Karatasi ni karatasi. Endesha."

Badru akarudisha mkono kwenye swichi. Aliendesha.

Makaburi ya Kasulu yako nje kidogo ya mji, kwenye mwinuko, na Badru alipokata kona aliwaona. Walikuwa wanashuka. Wanaume wenye kanzu na kofia, makundi makundi, suruali zimekunjwa, miguu ina udongo mwekundu. Wengine walikuwa wameshika majembe. Mmoja aliliona gari, akawagusa wenzake, na wote wakasimama pembeni kulipisha njia. Hao vijana wa stendi waliolibandika jina la Birika walikuwemo humo, na hakuna aliyecheka.

Alisimamisha gari nje ya uzio. Injini aliiacha ikiunguruma, feni inazunguka, kwa maana akizima halitawaka. Baba yake mdogo Shamsi alikuja kumlaki, akamkumbatia kabla hajasema lolote.

"Tulisubiri, mwanangu. Tulimweka kando ya kaburi, tukasubiri. Ulisema uko Makere, tukasema anakuja sasa hivi. Tukaona wingu la mvua, na sheikh akasema si vizuri kuchelewa. Na wewe unamjua, yeye mwenyewe alichukia maiti kusubirishwa."

"Nani alishuka kumpokea?"

"Mimi upande mmoja. Upande wa pili alikuwepo dereva wa lori, Mwislamu mwenzetu, msafiri. Alipita akaona watu, akaja kuswali nasi. Alijitolea. Hatukumfahamu, lakini alikuwa na nguvu."

Badru aligeuka akalitazama lile lori tupu, lililoegeshwa chini barabarani. Alikaa pale pale kwenye udongo akalia kwa sauti, mtu mzima mwenye ndevu, na Shamsi alimwacha alie. Kiti kilikuwepo. Alikuwa ameambiwa nafasi ipo.

Alipoweza kusimama, alirudi kwenye gari akatoa dumu. Therese alikuwa amesimama kando ya uzio, amejifunika kilemba, hakuingia. Alimsaidia kulishusha. Maji yalikuwa yale ya kijitoni, akiba ya rejeta.

"Gari itabakia bila maji," alisema polepole.

"Najua."

Kaburi lilikuwa limeshamwagiwa maji na wengine, lakini hakuna aliyemzuia. Alianzia kichwani, akashuka taratibu mpaka miguuni, udongo ukameza kama rejeta ilivyomeza. Alimwaga yote. Dumu lilipokwisha alilitikisa, matone ya mwisho yakadondoka. Nyuma yake, nje ya uzio, mluzi ukaanza. Fiii.

"Kaka! Inachemuka!"

Badru alitembea mpaka kwenye gari, hakukimbia. Aliingia, akakaa kwenye lile shimo la kiti, akazungusha funguo. Injini ikakata. Kimya kikawa kikubwa, ila feni peke yake iliendelea kuzunguka, ikipunguza kasi. Aliingiza mkono chini ya usukani akaipata swichi. Akaibonyeza, akaisikia kwa kidole, akainama akaitazama kwa macho yake ili awe na hakika.

Kisha akarudi juu kaburini, akachutama upande wa kichwa.

"Baba," alisema, "swichi nimezima."